Uzi: Jumbe taka, vipakatalishi vya mtumba na kesi za kampuni kubwa: bili inamwangukia nani?

#1 MwenyeSaiba

Wadau, habari za jioni. Ninaendesha saiba ndogo hapa Umoja, Nairobi, yenye mashine saba na printa mbili zinazogombana nami kila Jumatatu, na kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za kodi za KRA na za huduma za serikali za eCitizen, kuchapisha barua za kuomba kazi na kunakili vitambulisho. Ninaleta jambo lililonikaa rohoni kwa wiki kadhaa: katika habari nyingi za teknolojia tunazosoma, ziwe za jumbe taka, za kesi mahakamani au za mashine zilizopitwa na wakati, ukizikwangua kidogo utakuta kuna mtu aliyevuna faida na mtu mwingine kabisa aliyeachiwa bili, na huyo wa pili mara nyingi anaishi katika mitaa kama hii yetu.

Nianze na jumbe taka. Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza mboga karibu na steji aliingia akihema, simu mkononi. Alikuwa amepokea ujumbe ulioandikwa mithili ya ule wa M-Pesa, kwamba ametumiwa shilingi 4,500, na kabla hajamaliza kuusoma akapigiwa na kijana mwenye sauti ya upole, aliyemwita "mathe" na kumsihi arudishe pesa hizo kwa kuwa zilikuwa za dawa za mtoto. Tuliutazama ujumbe pamoja. Ulitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, ilhali ule halisi huingia ukiwa na jina MPESA mahali pa mtumaji, nalo salio lake lilikuwa lile lile la asubuhi. Hawa ndio tunaowaita watu wa Kamiti, ingawa sina shaka wengi wao hawajawahi kulala katika gereza hilo hata usiku mmoja. Nilimsaidia kuutuma ujumbe ule kwa 333, nambari ya Safaricom ya kuripoti utapeli, akanywa maji, akaenda zake. Hata hivyo, alikuwa amefunga kibanda kwa saa nzima, na saa hiyo hakuna atakayemlipa.

Saa hiyo ndiyo hoja yangu. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa afisa wa mauzo katika kampuni ya kompyuta ya DEC nchini Marekani, aliwatumia watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo moja la mashine mpya, na malalamiko yakaanza papo hapo. Tangu siku hiyo hesabu haijabadilika: anayetuma hagharimiki karibu chochote, na anayepokea ndiye hutoa muda, hifadhi na utulivu wake. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya California, Berkeley na San Diego, walijipenyeza katika mtandao wa kompyuta zilizotekwa uitwao Storm na kufuatilia barua zipatazo milioni 350 zilizotangaza dawa. Mauzo yaliyopatikana yalikuwa 28. Muuza mboga mwenye hesabu ya namna hiyo angefunga kibanda kabla ya saa nne asubuhi, lakini mtumaji wa barua taka hafungi, kwa sababu hakununua mboga, hakulipa kodi ya kibanda, na hata stima aliyoitumia ni ya kompyuta za watu wengine.

Sasa njooni kwenye mashine. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zangu tano kati ya saba zina vichakataji vya Intel vya kizazi cha sita na cha saba. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa vichache mno. Mashine zenyewe hazijachoka. Zinafungua fomu, zinachapisha, zinacheza video za wanafunzi, nami nilizinunua kwa jasho. Aliyeamua kwamba zimezeeka hajawahi kuzigusa. Kwa kampuni ya London iliyozitoa ofisini miaka kadhaa iliyopita, hasara hiyo haipo kabisa, kwani ilikwisha kuniuzia mimi kupitia kwa madalali watatu.

Je, nakosea kuyaona haya kuwa jambo moja?

#2 FundiWaLuthuli

Kaka, hukosei sana, ila nikurekebishe kidogo ili wengine wasipotoshwe. Kuna mpango wa kuongezewa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, na anayekubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko huupata bila kulipa pesa. Watu wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa bure kwa masharti mepesi zaidi, baada ya vyama vya watumiaji vya huko kupiga kelele. Hilo linaisaidia hoja yako kuliko kuipinga: aliye na chama cha kumpigia kelele hupunguziwa bili. Pia ufahamu kwamba mpango huo ni wa watumiaji wa nyumbani, kwa hiyo saiba yako haimo.

Upande wa pili wa hadithi ninauona dukani. Ofisi za ng'ambo zinapozitoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa wingi, zinakuja huku, na bei yake inashuka. Mteja hufika kwetu mtaa wa Luthuli akiwa na pesa alizochanga na wenzake, huona kipakatalishi chenye kioo kizuri, kibodi yenye taa na kibandiko cha kampuni maarufu, naye hutabasamu. Ninalotaka kila mmoja alifanye kabla ya kutoa pesa ni kufungua mipangilio, asome jina la kichakataji, kisha atazame tarakimu zinazofuata i5 au i7: zikianza na 6 au 7, ajue anachonunua. Akifungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport, Windows itamwandikia ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo uliobaki. Vilevile aiwashe upya na aingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, huenda hiyo ni mali ya kampuni fulani ambayo haijaiachilia, na aondoke.

Lakini wizi mbaya zaidi hauko kwenye vipakatalishi, uko kwenye flashi. Flashi inayoandikwa 1 TB na kuuzwa shilingi elfu moja haina 1 TB. Ndani yake kuna chipu ndogo, pengine ya GB 16 au 32, na kidhibiti kilichopangwa upya ili kiidanganye kompyuta. Unaponakili faili, zile za mwanzo huingia salama; nafasi halisi ikijaa, kidhibiti huendelea kuitikia "sawa, nimepokea" huku kikizitupa data au kuziandika juu ya zile za zamani. Majina ya faili utayaona yote, kwa kuwa orodha yake imehifadhiwa mwanzoni kabisa, na ndiyo maana mtu hugundua msiba siku anapoifungua video ya harusi. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma tena: programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, hufanya kazi hiyo, japo huchukua saa kadhaa. Muuzaji akikuambia hana muda wa kupima, umekwisha kupata jibu.

#3 KijanaWaKayole

Mimi napingana na mwenye uzi, na nitajitahidi kueleza kwa nini. Nimesomea shahada yangu yote kwa kipakatalishi cha mtumba kilichonigharimu pesa kidogo kuliko simu ya rafiki yangu. Kama ofisi za Uingereza zisingetupa mashine nzima kila baada ya miaka michache, ningeandika kazi za chuo kwa simu hadi leo. Huo unaouita bili ndio uliofanya bei ishuke. Huwezi kupokea punguzo kisha ukalalamika kwamba kitu kilikuwa na sababu ya kupunguzwa bei.

Kuhusu jumbe taka, ni kweli zinasumbua, ila tusisahau kwamba uchujaji wa barua pepe umefika mbali mno. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza hadharani mbinu ya kuifanya programu ihesabu uwezekano wa barua kuwa taka kwa kutazama maneno yaliyomo, na vichujio vya siku hizi ni wajukuu wa mbinu za aina hiyo. Mimi sikumbuki lini niliona barua ya mwanamfalme anayetaka kunigawia urithi. Hiyo huduma silipii.

#4 WakiliMchanga

Naomba niingie kwa upande wa sheria, kwa sababu hapo ndipo swali la bili huandikwa kwa tarakimu.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu cha 37 kinamkataza mtu kutumia data yako kwa biashara bila idhini yako ya wazi, isipokuwa sheria nyingine imemruhusu. Ukipeleka lalamiko kwa Kamishna wa Data, uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Si sheria ya kupambia kabati. Mwezi Septemba 2023 afisi hiyo ilitangaza faini kwa watatu kwa mpigo: shule moja iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi ilitozwa shilingi 4,550,000, mkopeshaji wa kidijitali aliyetumia nambari za watu alizozipata kwa wengine alitozwa 2,975,000, na klabu moja iliyoweka picha ya mteja mtandaoni ilitozwa 1,850,000.

Sasa sikilizeni dosari yake, ambayo mwenye uzi ataipenda. Faini ya juu kabisa kwetu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, *kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili*. Ulaya, kwa makosa makubwa, ni yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, *kiasi kilicho kikubwa*. Neno moja tu limegeuzwa. Kwetu duka dogo huumia kwa kipimo chake, lakini kampuni ya mabilioni inajua tangu asubuhi kwamba bili yake haiwezi kuvuka milioni 5, na mhasibu wake anaweza kuiweka kwenye bajeti pamoja na chai ya wafanyakazi.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuziheshimu zaidi kesi za kikatiba kuliko faini. Mnakumbuka foleni za jumba la mikutano la KICC mwaka 2023, watu wakipigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa tokeni zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000? Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za kibayometriki zifutwe ndani ya siku saba chini ya uangalizi wa Kamishna wa Data, kwa sababu, pamoja na mengine, tathmini ya athari kwa faragha inayotakiwa na sheria haikuwa imefanywa ipasavyo. Hakuna faini ya milioni 5 ambayo ingefanya hivyo.

Ndugu wa Kayole, kuhusu huduma usiyoilipia: barua pepe ina vichujio kwa sababu kampuni chache zinaisimamia kwa ajili ya mamilioni ya watu na zinapata faida kwingine. Ujumbe mfupi wa simu wa yule mama hauna mlinzi wa namna hiyo.

#5 MwenyeSaiba

Nawashukuru. KijanaWaKayole, umenibana, na nimelala nikiifikiria hoja yako. Nakubali kwamba bei ya chini ilikuwa malipo ya kasoro, na mimi mwenyewe ni mtoto wa mtumba kuanzia viatu hadi seva. Lakini punguzo huwa halali pale tu mnunuzi anapoambiwa sababu yake. Nilipozinunua zile tano, muuzaji alinieleza kila kitu kuhusu ramu na diski, akanipa hata kipanya cha bure, ila hakusema kwamba mfumo wake una tarehe ya kufa. Tarehe hiyo ilikuwa imetangazwa, ilikuwa inajulikana, na bei niliyolipa haikuionyesha. Mtumba wa nguo hauna hila hiyo. Shati lililochanika unaliona kwapani kabla hujalipa.

Na hili si letu peke yetu. Mwezi Agosti 2025 mkazi mmoja wa California aliishtaki Microsoft akitaka mahakama iizuie kuacha kuihudumia Windows 10. Kwa hiyo hata huko wanakozitoa mashine hizi, wapo wanaohisi wameachiwa kitu mlangoni.

WakiliMchanga, hilo la "kidogo" na "kikubwa" nimelisoma mara tatu. Nilidhani umekosea kuandika.

#6 AliyewahiKuchuja

Kwa kawaida husoma tu na kupita, ila leo nachangia kwa kuwa hakuna aliyetaja wale wanaosafisha.

Niliwahi kufanya kazi ya kukagua maudhui katika kampuni moja hapa Nairobi ambayo sitaitaja. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya skrini na kuamua, kwa sekunde chache kila mara, kama kitu kibaki au kiondolewe, na mengi unayoyaona si jumbe za kuuza dawa. Sitayaeleza hapa. Watumiaji wanapousifu mtandao kwamba ni safi, husema "mfumo umechuja", kana kwamba ni ungo uliojitikisa wenyewe. Mara nyingi kuna mtu aliyetazama ili wewe usitazame, kisha akapanda matatu ya saa nne usiku kurudi nyumbani asiweze kula.

Ndiyo maana kesi ya Daniel Motaung, aliyewahi kuwa mkaguzi wa maudhui ya Facebook, naifuatilia kama wengine wanavyofuatilia ligi. Aliishtaki Meta, yenye Facebook, pamoja na Sama, kampuni iliyowaajiri wakaguzi kwa niaba yake, katika mahakama ya ajira hapa Nairobi mnamo Mei 2022, na mwaka uliofuata zaidi ya wakaguzi 180 wakafungua yao. Kwa muda mrefu hoja ya Meta haikuwa kwamba kazi ile ni nyepesi. Ilikuwa kwamba yenyewe si kampuni ya Kenya na kwamba mahakama zetu hazina uwezo wa kuisikiliza kesi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo. Aprili 2025 Mahakama Kuu nayo ikasema inao uwezo wa kusikiliza kesi nyingine dhidi ya Meta, inayohusu machapisho ya chuki wakati wa vita vya Ethiopia, ambayo mmoja wa walalamikaji wake ni mtoto wa profesa aliyeuawa mwaka 2021. Angalieni muda uliopita: miaka yote hiyo imetumika kujibu swali la mlango, yaani kama inaruhusiwa kubisha hodi.

#7 WakiliMchanga

Umesema vyema, na pole kwa uliyoyabeba. Niongeze kwamba muda wenyewe ni silaha. Ile Linux ambayo najua Fundi ataipigia debe hapa chini iliwahi kuburutwa mahakamani kupitia mgongo wa IBM: kampuni ya SCO ilifungua kesi Machi 2003 ikisema IBM imeingiza msimbo wake ndani ya Linux, ikadai mabilioni ya dola, na jambo likaja kumalizwa mwaka 2021 kwa dola milioni 14.25. Miaka 18. Kampuni kubwa hustahimili miaka 18. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi huhesabu kodi ya nyumba kila tarehe tano.

#8 MamaWawili

Mnazungumza mambo mazito, nami nina dogo. Je, matangazo ya bahati nasibu na ya mikopo yanayoingia kwenye simu yangu hata usiku wa manane naweza kuyazuia bila kubadilisha laini? Na kuna mtu wa mkopo alinipigia akimtafuta shemeji yangu, ambaye mimi sikumdhamini popote.

#9 WakiliMchanga

Dada, kama laini yako ni ya Safaricom, bonyeza \*456\*9\*5# uone matangazo uliyoandikishwa na uyaondoe. Kisha \*106# ikuonyeshe nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wapo waliokuta laini wasizozijua. Kuhusu mkopo, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu walio katika orodha ya simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Andika tarehe, saa na nambari iliyokupigia, na uhifadhi ujumbe wowote uliotumwa. Lalamiko lenye tarehe huenda mbali kuliko lenye hasira.

#10 KijanaWaKayole

Nimesoma ya #6 na nimenyamaza kwa muda. Huduma ile niliyosema siilipii, kumbe kuna aliyekuwa akiilipia. Suala la mashine bado nabishana: MwenyeSaiba, huyo muuzaji wako alikukosea, lakini kosa ni la kuficha, si la mtumba.

#11 FundiWaLuthuli

Hapo mmekutana njiani, kwa hiyo niwaingizie kazi. MwenyeSaiba, lete mashine moja kwanza, usilete zote tano. Tutaiwekea Linux Mint, toleo moja la Linux, ambalo haidai TPM wala haiulizi kizazi cha kichakataji, na fomu za eCitizen na iTax zitafunguka kwenye kivinjari kama kawaida. Tatizo litakuwa printa na wateja waliozoea Word. Faili zao hufunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ila jedwali la wasifu likiwa na mapambo mengi huweza kuteguka. Wakili asiseme sikukuambia.

#12 MwenyeSaiba

Nimeipeleka Jumamosi na imerudi jana. Inawaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka tangu niinunue. Printa ya kwanza ilitambuliwa bila neno. Ya pili imekataa kabisa, na nimeiunganisha na mojawapo ya zile mashine mbili mpya hadi nipate ufumbuzi. Mteja wa kwanza, kijana aliyekuja kuchapisha wasifu, aliuliza kwa nini kitufe cha kuanzia kina rangi ya kijani, nikamwambia ni Windows ya Umoja. Yule mama wa mboga alipita pia. Amemwonyesha binti yake jina la mtumaji lilivyo, naye binti amewaonyesha wenzake wa kibanda cha jirani. Mashine ya pili naipeleka Alhamisi, Fundi, na nitakuja na ile flashi ya 1 TB niliyoinunua Desemba, maana tangu nisome ujumbe wako sijathubutu kuifungua.